Balbu Mbili na Zana za Bure: Niliyojifunza Darasani

Swali lilikuwa rahisi. Betri moja, balbu mbili zinazofanana, zimeungwa kwa mfuatano. Ipi itawaka zaidi? Nilikuwa nimefundisha saketi kwa miaka kadhaa na niliamini wanafunzi wangu wanalijua jibu. Katika jaribio la wiki iliyopita wengi walikuwa wamekokotoa mkondo na ukinzani bila shida. Lakini nilipowauliza kwa maneno matupu, pasipo tarakimu wala kanuni, karibu darasa zima lilijibu kwa kujiamini: ile ya kwanza, kwa sababu umeme unaifikia mapema na kuliwa kidogo kabla ya kwenda kwa mwenzake.

Nilirudi nyumbani nimeshtuka. Walikuwa wanapata alama kwa kitu wasichokielewa, nami nilikuwa nikiwapigia vema.

Njia ya kawaida ingekuwa kuwapa betri, waya na balbu waone wenyewe. Tatizo ni kwamba vifaa vyetu vilikuwa vichache, na balbu za kweli zina hila yake: mbili zilizoandikwa namba zilezile hazifanani kabisa. Moja huwaka zaidi kidogo, na mwanafunzi anaondoka na ushahidi wa kosa lake mkononi. Ndipo nikaanza kutafuta mtandaoni, nikafika kwenye PhET. Ni mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder nchini Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla. Wanatoa majaribio ya sayansi na hisabati yanayofanyika ndani ya kivinjari, bure, bila kulazimika kufungua akaunti. Lipo la saketi: unaburuta betri, unaunga waya, unaweka balbu, unapachika amita, yaani kipimo cha mkondo wa umeme, mahali popote. Na ndani ya waya unaziona elektroni, vidoti vya buluu vinavyotembea.

Nililipenda mno, na hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Niliwasha projekta, nikashika kipanya, nikaunga saketi mbele yao huku nikieleza kila hatua. Nilipofunga swichi balbu zote mbili ziliwaka sawasawa, darasa likapiga makofi. Nikaonyesha na ajali ya kuunga waya moja kwa moja kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine, moto ukachomoza kwenye skrini, wakafurahi zaidi. Nilitoka darasani nikiamini kazi imekwisha. Wiki iliyofuata niliwauliza swali lilelile kwenye karatasi. Majibu yalikuwa yaleyale. Balbu ya kwanza.

Nimefikiria sana kwa nini. Nadhani ni kwa sababu sikuwaomba chochote. Nilikuwa nimebadilisha ubao mweusi kwa ubao wa mwanga, lakini mwenye kufikiri chumbani alibaki yuleyule mmoja, mimi. Mtu anayetazama jambo bila kuwa ameweka dau lolote juu yake hana sababu ya kushangaa likienda kinyume. Analipokea, anapiga makofi, na imani yake ya zamani inabaki mahali pake bila hata kuguswa.

Kwa darasa lililofuata niligeuza mpangilio. Kabla ya kuwasha chochote, kila mmoja aliandika kwenye daftari lake: balbu ipi, na kwa nini. Kisha walieleza kwa jirani. Kisha nikawauliza amita itasoma nini kabla ya balbu ya kwanza, katikati ya balbu mbili, na baada ya ya pili, wakaandika pia. Wengi waliandika namba zinazopungua. Baada ya hapo tu ndipo nilipomwita mwanafunzi mmoja aje aunge saketi, mimi nikaenda kusimama nyuma. Alipopachika amita mahali pa tatu na kusoma namba ileile, hakuna aliyepiga makofi. Kulikuwa na kimya, halafu mtu akasema, "Rudia." Akarudia. "Labda amita imeharibika." Wakaiondoa, wakaweka nyingine. Wakabishana kwa sauti ambayo kwa kawaida ningeizima. Mmoja alisogea karibu na skrini akaanza kuhesabu vidoti vya buluu vinavyopita kabla ya balbu na baada yake, kwa dakika nzima, akageuka akawaambia wenzake kwamba hakuna hata kimoja kinachopotea.

Sikuwa nimesema neno.

Baadaye nilijifunza kwamba mpangilio huu una wenyewe. Eric Mazur, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuwauliza wanafunzi wake maswali ya dhana katikati ya mhadhara, wapige kura, wajadiliane na aliye karibu, kisha wapige kura tena. Alikuwa amegundua jambo lilelile lililonishtua: vijana wanaokokotoa saketi ngumu huanguka kwenye swali jepesi la maneno. Kwake hapakuhitajika kompyuta. Nalitaja hili kwa sababu kwa muda mrefu nilidhani kilichobadilisha darasa langu ni ile programu, kumbe programu ilikuwa mahali pa kuangalia kama utabiri ni sahihi, na kazi yenyewe ilifanyika kwenye penseli dakika kumi kabla.

Somo lile lilizaa swali ambalo sikulitegemea. Msichana aliyekaa dirishani aliona kwamba vidoti vinatembea polepole. "Mwalimu, kama elektroni zinakwenda taratibu hivi, mbona taa ya chumbani inawaka papo hapo nikibonyeza swichi?" Ni swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu umeme, na msingi wake ni wa kweli. Katika waya wa shaba wa kawaida elektroni husogea kwa wastani wa sehemu ndogo tu ya milimita kwa sekunde. Nilimjibu kwamba waya tayari umejaa elektroni kabla ya swichi kufungwa, hivyo zote huanza kusogea karibu kwa wakati mmoja. Aliitikia kwa heshima, lakini niliuona uso wake. Hakuwa ameridhika. Niliweka swali lake kichwani.

Kuna kingine nilichokiona kwa jicho langu wakati huo. Baadhi walianza kuchora elektroni za buluu kwenye madaftari, kubwa kama punje za mahindi, wakiamini ndivyo zilivyo. Picha yoyote inayofundisha kitu kimoja hupandikiza kingine bila ruhusa. Tangu hapo, kila nikitumia jaribio la kompyuta huwapa swali la mwisho: taja vitu vitatu kwenye skrini hii ambavyo si kweli. Huwa wanavipata zaidi ya vitatu.

Upande wa hisabati zana yangu kuu imekuwa GeoGebra, programu ya kuchora grafu na maumbo. Iliundwa na Markus Hohenwarter, aliyeianza mwaka 2001 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Salzburg nchini Austria, na mwalimu anaweza kuitumia darasani bila malipo. Naandika y = ax² + bx + c, programu inanitengenezea vitelezi vitatu, kimoja kwa kila herufi, na ukisogeza kitelezi mchoro unabadilika palepale. Wanafunzi huelewa haraka kwamba c inapandisha na kushusha mkunjo, na kwamba a inaubana au kuupanua, na ikiwa hasi inaupindua. Mada hiyo nilikuwa nimeifundisha miaka mingi, na kuhusu b nilikuwa nikisema kwamba inausogeza mkunjo pembeni, kisha naendelea.

Siku moja kikundi cha wavulana wawili na msichana mmoja kiliniita. Walikuwa wanasogeza b peke yake. "Mwalimu, haiendi pembeni. Inaenda pembeni na inashuka." Niliwaambia waweke alama kwenye kipeo, yaani ile nukta ya chini kabisa ya mkunjo, na wawashe kazi ya kuacha nyayo, ili nukta ikitembea iache alama nyuma yake. Sikujua kitatokea nini. Walisogeza kitelezi taratibu, na nyayo zikachora mkunjo mwingine, umbo lilelile lakini limepinduliwa juu chini, kilele chake kikiwa palepale mkunjo unapokata mhimili wa y. Tulitazamana.

Usiku huo nilikaa na karatasi. Kipeo kipo pale x inapokuwa −b/2a, na kimo chake ni c − b²/4a. Ukiiondoa b kati ya hayo mawili unabaki na y = −ax² + c. Ilikuwa hivyo siku zote, ipo ndani ya kanuni niliyoiandika ubaoni mara zisizohesabika, na sikuwahi kuiona. Kesho yake sikuwapa uthibitisho. Niliwapa vipande viwili vya mwanzo na nikawaachia wamalizie wao, na walipomaliza walikuwa wameelewa kuondoa kigeu vizuri kuliko darasa lolote nililowahi kulifundisha kwa zoezi la kitabu. Nikiulizwa zana hizi zinafaa wapi kuliko pote, naitaja siku hiyo: pale mwanafunzi anapoweza kuuliza "ikiwa hivi je?" mara hamsini ndani ya dakika tano, bila kufuta ubao, na bila kumsubiri mwalimu akubali kwamba swali lina maana.

Wanafunzi wangu wengi hawakuwa na simu wala kompyuta darasani. Hapo ndipo Plickers iliponisaidia, na naipenda kwa sababu haimdai mwanafunzi chochote zaidi ya kipande cha karatasi. Kila mmoja anapewa kadi iliyochapishwa umbo la miraba, kila kadi tofauti na nyingine. Pande nne za kadi ni A, B, C na D, na anayeshika anaigeuza ili herufi ya jibu lake ielekee juu. Mwalimu anapitisha kamera ya simu yake mbele ya darasa, na simu inasoma nani amejibu nini. Kwa kuwa kadi hazifanani, kuchungulia ya jirani hakusaidii.

Swali langu la kwanza lilikuwa hili: mpira umerushwa juu moja kwa moja, ukifika kileleni na kusimama kwa nukta ya wakati, ni nguvu gani inayoufanyia kazi? Nilikuwa nimetoka kufundisha mada hiyo, na kabla ya kadi nilikuwa nimewauliza, "Tumeelewana?" Waliitikia "Ndiyo, mwalimu" kwa sauti moja. Kadi zikasema zaidi ya nusu yao wanaamini kileleni hakuna nguvu yoyote, kwa kuwa mpira umesimama. Kumbe uvutano wa dunia haukuacha kuuvuta hata pale. Ile "Ndiyo" ya sauti moja sijaiomba tena. Inaniambia wananiheshimu, basi.

Kadi zilinifunulia pia mwanafunzi mmoja wa nyuma kabisa. Hakunyoosha mkono muhula mzima, na nilikuwa nimeshamweka kwenye kundi la wanaohitaji msaada. Swali baada ya swali kadi yake ilikuwa sahihi, mara nyingine akiwa miongoni mwa watatu au wanne tu darasani. Nilipomwomba faragha anieleze anavyofikiri, alieleza kwa utulivu na kwa mpangilio ambao mimi mwenyewe ningeutamani. Alikuwa anaogopa tu kuchekwa. Najiuliza ni wangapi wa namna yake waliopita mikononi mwangu kabla ya hapo, na sina namna ya kuwarudisha.

Fomu za Google nazitumia kwa maswali ya nyumbani, kwa wale wenye simu. Watu huzisifia kwa sababu zinasahihisha zenyewe. Kwangu faida hiyo ni ndogo. Kubwa ni ile chati inayoonyesha ni jibu gani lisilo sahihi limechaguliwa na wengi. Ili chati hiyo iwe na maana, majibu yasiyo sahihi lazima yatoke kwenye makosa halisi ya wanafunzi. Kwa 1/2 + 1/3 siweki majibu ya kubahatisha. Naweka 2/5, kwa sababu najua kuna anayejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Naweka 1/6, kwa yule anayezidisha. Na 2/6, kwa anayepata namba ya chini sawa na kusahau kubadilisha za juu. Asubuhi nikifungua chati najua mahali pa kuanzia. Kutunga maswali kumi ya namna hiyo hunichukua muda zaidi kuliko kusahihisha madaftari arobaini, na sijutii.

Sasa niseme yaliyoniumiza, maana neno "bure" linahitaji kuangaliwa vizuri.

Kulikuwa na jukwaa moja nililolitumia kwa miaka mitatu. Maswali yangu yote yalikuwa humo, pamoja na maoni ya wanafunzi na michoro yao. Siku moja ilikuja barua pepe kwamba huduma inafungwa. Nilikuwa na wiki chache za kuokoa vitu, na kitufe cha kupakua kilitoa mafaili ambayo hayakufunguka kwenye kitu kingine chochote. Nilinakili kwa mkono nilichoweza. Kilichobaki kilipotea. Mambo haya si ya ajabu katika ulimwengu huu: teknolojia ya Flash, iliyobeba maelfu ya michezo na majaribio ya kufundishia, ilisimamishwa rasmi mwishoni mwa mwaka 2020, na PhET yenyewe ililazimika kuyaandika upya majaribio yake kwa HTML5, lugha ya kurasa za wavuti, ili yaendelee kufunguka. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa zana yoyote ni hili: nikitaka kuondoka, naondoka na nini? Maswali yangu nayaandika kwanza kwenye faili la kawaida la maandishi, kisha ndipo nayapeleka huko kunakong'aa.

Mtandao nao ulinifundisha kwa njia yake. Nimewahi kusimama mbele ya darasa kwa robo saa nzima nikitazama kiduara kinachozunguka, vijana wananihurumia. Robo saa ni theluthi ya kipindi cha dakika 45. Siku hizi sibebi kiungo kuingia darasani, nabeba faili. Majaribio ya PhET hupakuliwa, kila moja ni faili moja la HTML, na hufunguka kwenye kivinjari hata pasipo intaneti. Kiwix inakuwezesha kuhifadhi Wikipedia kwenye kompyuta au simu na kuisoma bila kuunganishwa. Kolibri, inayotengenezwa na shirika la Learning Equality, hufanya kompyuta moja kuwa kama maktaba: video na mazoezi, yakiwemo ya Khan Academy, yanakaa ndani yake, na vifaa vingine vilivyo chumbani vinayapata kupitia mtandao wa ndani tu. Walimu wenzangu wakiniuliza waanzie wapi, huwa nawaelekeza huku kwanza.

La mwisho naliandika kwa uzito. Niliwahi kuweka alama za darasa zima kwenye jedwali la mtandaoni na kumtumia kiungo mwalimu mwenzangu. Sikuangalia mpangilio wa faragha. Kiungo kilikuwa wazi kwa yeyote, kikafika kwenye kundi la wanafunzi, na ndani ya saa moja kila mtu alijua nani amepata ngapi. Mwanafunzi aliyekuwa wa mwisho hakuja shule siku mbili. Nilimwendea, nikamwomba radhi mbele ya mzazi wake, na niliyaona macho yake. Hakuna jukwaa la kulaumu hapo; kosa lilikuwa langu. Sasa kwenye zana yoyote ya nje wanafunzi wangu wana namba, hawana majina, na orodha inayounganisha namba na jina iko kwenye daftari langu la karatasi. Huduma nyingi zina umri wa chini, mara nyingi miaka 13, na mwalimu hana mamlaka ya kumsajili mtoto aliye chini ya hapo kwa kumwandikia umri wa uongo. Nimewaona wenye nia njema wakifanya hivyo ili somo liende. Somo lisiende.

Juzi umeme ulikatika katikati ya kipindi cha saketi. Projekta ilizima, skrini ikawa nyeusi, na utabiri wao ulikuwa tayari kwenye madaftari ukisubiri kuhakikishwa. Nilichukua kamba ndefu, nikaunga ncha zake ikawa duara, nikawaambia wasimame kuizunguka na kila mmoja aache kamba ipite kwenye vidole vyake kwa wepesi. Mmoja akawa betri: kazi yake kuivuta kamba na kuipitisha. Wawili wakawa balbu: wao waikaze kidogo mkononi.

Betri alipovuta, kamba ilisogea kwa wote mara moja, hata kwa aliyekuwa mbali naye kabisa. Balbu wa kwanza alisema viganja vinapata joto. Balbu wa pili akasema vyake pia. Nikamwuliza aliyesimama kati yao kama kamba inakwenda polepole zaidi upande wake. Akatikisa kichwa.

Yule msichana wa swali la taa sasa yuko darasa la juu, lakini alikuwa amekuja kuazima kitabu na alisimama mlangoni akitazama. Aliingia bila kuulizwa, akashika kamba upande wa mbali na betri, akasema, "Vuta." Akaisikia ikisogea. "Vuta tena."

Alirudia mara nne au tano kabla ya kukumbuka kitabu chake.